Kupaa Si Hoja, Hoja ni Kurudi

Wapo miongoni mwetu ambao wakisikia neno roketi hukumbuka vita, na wapo ambao hukumbuka mwezi. Wa kwanza humwona kijana anayelitaja kuwa mhuni, wa pili humwona kuwa mwota ndoto za mchana. Leo nataka kusema na wote wawili, kwa sababu kati ya vita na mwezi ipo kazi ya mikono, kazi ya fundi mwenye msasa na gundi, ambayo naamini ingewafaa sana vijana wetu wa pwani, nasi hatujaipa nafasi.

Kazi yenyewe ni kuunda roketi za mfano na kuzirusha. Sisemi fataki za sikukuu. Nasema chombo kilichopimwa, chenye kimo cha mtoto wa chuoni au zaidi, kinachopaa mamia ya mita, kikafungua mwavuli wake huko juu, kisha kikarudi chini kizima ili kirushwe tena siku nyingine.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili halituhusu ndewe wala sikio. Katika karne ya 13, Hasan al-Rammah wa nchi ya Sham aliandika juu ya baruti na zana za vita, na humo akaeleza habari za roketi. Katika karne ya 18, Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan, watawala wa Mysore huko Bara Hindi, waliwarushia Waingereza roketi zenye makasha ya chuma. Chuma kilistahimili nguvu za gesi kuliko karatasi au mwanzi, kwa hiyo roketi zao zilikwenda mbali zaidi. Tipu alipouawa mwaka 1799, Waingereza walizichukua baadhi yake hadi kwao, na William Congreve akazichunguza na kuunda za kwake.

Na hapa kwetu je? Baina ya mwaka 1967 na 1988, Waitaliani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Walitumia roketi za Scout kutoka Marekani. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma mbele roketi inayoelekea mashariki, na mbele yake ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wetu, ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini ufundi wenyewe ulibaki mikononi mwa wengine. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 iliporushwa mwezi wa Aprili 2023, ilirushiwa California.

Ufundi huu mimi niliuona kwa macho yangu huko huko Marekani, nyumbani kwa mpwa wangu aliyekwenda kwa masomo akapata kazi. Aliagiza seti ya vipande, ikafika ndani ya sanduku moja: neli za karatasi ngumu zenye upana wa sentimita 10, pua ya plastiki, mapezi matatu ya plaiwudi, neli nyembamba ya kushikilia mota, kamba, na mwavuli wa kitambaa. Ukiviona vimelala mezani huwezi kuamini kwamba vitaruka.

Tulifanya kazi siku tatu. Kila mahali panaposhikana mbao na karatasi hupigwa msasa kwanza, kwani gundi haishiki penye utelezi. Pezi halibandikwi juu juu. Hupenyezwa katika ufa uliochongwa ubavuni mwa neli kubwa mpaka liguse neli ya mota iliyo ndani, likatiwa gundi ya epoksi ndani na nje. Kisha kwenye pembe ya pezi na neli huvutwa ukanda wa gundi kwa kidole kilichovaa glavu, kwa uangalifu ule ule wa fundi wa jahazi anapotia kalafati. Aliyefanya haraka hapo atayaona mapezi yake yakichomoka hewani.

Likaja suala la uzito. Kila roketi ina vitovu viwili. Kimoja ni kitovu cha uzito, pale inapokaa sawa ukiilaza juu ya kidole. Cha pili ni kitovu cha nguvu za hewa, pale ambapo msukumo wote wa upepo ubavuni mwake huhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, upande wa pua, na kitangulie kile cha pili kwa umbali usiopungua upana wa roketi yenyewe. Kwa roketi yetu, basi, ni sentimita 10. Vikipinduka, chombo hugeuka hewani na kukimbia kusikojulikana. Nahodha ajuaye kupanga farumi ataelewa haraka kuliko mwenye digrii: pua ikiwa nyepesi huongezewa uzito, safari ikatulia.

Sasa nieleze kanuni, maana hapo ndipo penye somo. Urusi iliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walishikwa na hamu, wakawa wanajaza kemikali ndani ya mabomba ya chuma na kuziwasha. Wengi waliumia. Lakini ilikuwapo njia nyingine. Mwaka 1954 mwenye duka la viatu aitwaye Orville Carlisle, pamoja na ndugu yake Robert, alikuwa ameshaunda roketi nyepesi ya karatasi yenye mwavuli na mota ya kubadilishwa. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, aliiona faida yake akaitangaza, na mwaka 1957 kikaanzishwa chama cha taifa cha warusha roketi za mfano. Chama hakikuwaambia vijana waache. Kiliwaambia waunde kwa karatasi, mbao na plastiki. Watumie mota iliyotengenezwa kiwandani. Wawashe kwa umeme wakiwa mbali. Na wahakikishe roketi inarudi salama.

Mota hizo hupangwa kwa herufi, na kiwango cha juu cha kila herufi ni maradufu ya kile cha herufi iliyotangulia. Kuanzia H, mrushaji ameingia katika daraja la nguvu kubwa. H yenyewe huanzia nyutoni-sekunde 160 na kukomea 320. M nayo hukomea 10,240. Huko hakuna mchezo wa watoto. Mrushaji huwa mtu mzima, mwanachama, mwenye cheti, na asiye na cheti hairushi H ila siku ya mtihani, mbele ya msimamizi. Cheti cha kwanza ni cha H na I. Cha pili, cha J hadi L, kina na mtihani wa kuandika. Cha tatu huanzia M.

Mpwa wangu alikuwa akitafuta cheti cha kwanza. Siku ilipofika tulikwenda kwenye uwanja mpana wa mashamba. Wenye chama walikuwa wameshapata ruhusa ya anga kutoka serikalini. Upepo ulipimwa, kwa kuwa ukizidi kilomita 32 kwa saa hakuna kurusha. Mlingoti wa kurushia haukubaliwi kuinama zaidi ya nyuzi 20 kutoka wima. Msukumo wa mota ni lazima uwe walau mara tatu ya uzito wa chombo, na wengi hutaka mara tano. Watu walirudishwa nyuma zaidi ya mita 30, msimamizi akatazama juu kama kuna ndege, ndipo akaanza kuhesabu kuanzia tano kurudi nyuma.

Nilikuwa nimekodoa macho kwenye moshi, mpwa wangu akanigusa bega. “Mjomba, usitazame inavyopanda,” akaniambia. “Kupanda hata jiwe hupanda. Wewe tazama mwavuli.”

Mota iliwaka kwa muda wa sekunde mbili tu. Roketi ikaendelea kupaa kwa kasi iliyobaki mpaka kiasi cha mita 300, ikapunguza mwendo, na pale ilipotaka kuinamisha pua, unga kidogo wa baruti ulioko kwenye mota ukalipuka na kuisukuma pua itoke, mwavuli ukachanua. Hapo ndipo watu walipopiga makofi.

Hesabu ya kushuka ni nyepesi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Ikiwa roketi inashuka mita 5 kila sekunde kutoka juu mita 300, itachukua dakika moja kufika chini. Ikiwa upepo nao unakwenda mita 5 kwa sekunde, itapeperushwa mita 300 kutoka mlingotini. Kwa sababu hiyo roketi zinazopaa juu zaidi hubeba altimita, kijidude kinachopima kimo kwa mkandamizo wa hewa. Hicho hufungua mwavuli mdogo kileleni ili chombo kishuke haraka, kisha kikafungua ule mkubwa karibu na ardhi.

Tulipoirudisha, msimamizi aliyakagua mapezi, akatazama neli kama imepasuka, akaukunjua mwavuli, kisha akatia sahihi. Hakuuliza hata mara moja ilifika juu kiasi gani.

Ndugu msomaji, hilo ndilo nililotaka kulifikisha kwako. Sisi watu wa pwani tumezoea kumpima kijana kwa kupaa kwake: kapita mtihani, kaenda Ulaya, kapata kazi Ghuba. Hatuulizi sana amejiandaa vipi kutua. Katika ufundi huu kijana hujifunza tangu siku ya kwanza kwamba kabla hajawasha chochote ni lazima awe amekwisha kukunja mwavuli. Sijui fundisho lililo bora kuliko hilo, nalo hufundishwa kwa mikono, si kwa mahubiri.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema baruti ni hatari. Kweli kabisa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Watoto wetu hawangoji cheti. Kila sikukuu huchezea fataki vichochoroni, na mzazi hupata habari mtoto akiwa ameshaungua mkono. Tumekataza miaka nenda miaka rudi, lakini marufuku peke yake haijamfundisha mtoto kupima upepo wala kusimama mbali. Wa pili atasema ni ghali. Naam, mota ya H ni ghali, na kwetu baruti ina sheria yake na anga ina wenyewe. Mtu asije akasoma maneno haya akaenda kujaribu uani kwake.

Lakini si lazima tuanzie kwenye H. Tuanze na maji. Chupa ya plastiki ya soda, ikatiwa maji theluthi moja, ikazibwa kwa kizibo chenye vali na kujazwa hewa kwa pampu ya baiskeli, huruka kwa kanuni ile ile ya Scout za Ngomeni: kinachotoka nyuma kwa nguvu husukuma chombo mbele. Chupa ya kioo na bomba la chuma hapana, na mwalimu awepo, na watoto wakae mbali. Mtoto ataikatia mapezi ya karatasi ngumu, ataifunga uzi kwenye kitovu chake cha uzito na kuizungusha kichwani aone kama pua inatangulia, kisha atashona mwavuli kwa mfuko wa plastiki. Watoto wanaojua kuunda vishada na vingalawa vya kushindanisha ufukweni wameshafika nusu ya njia. Uwanja tu uwe mbali na minazi, maana mnazi uliozoea kula vishada hautaiacha roketi.

Wakishaweza hayo, wakubwa wao wanaweza kuundiwa chama chini ya walimu wa fizikia, chenye kibali na msimamizi. Tangu mwaka 2017 Kenya ina Shirika lake la Anga, na chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kina wanafunzi wanaounda roketi zao wenyewe. Sioni kwa nini walimu wa Malindi, Lamu, Mombasa na Kwale wasiwaandikie hao kuomba fundi wa kuwaonyesha, wala kwa nini wakuu wa kituo cha Ngomeni wasiombwe siku moja kwa mwaka ya kuwafungulia wanafunzi wa pwani mlango. Wazazi nao, mtoto akiomba chupa tupu na pampu ya baiskeli, wasimfukuze. Wamwulize kwanza: mwavuli umeshaushona?