Kiurdu: Funzo kwa Mwalimu wa Lugha

Vyuoni twafundisha kwamba lugha ya taifa huunganisha watu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Historia ya Kiurdu yaonyesha sehemu iliyobaki, nami naona yafaa kila mwanachuo aisome kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

Kiurdu kilikulia India ya Kaskazini, hasa katika miji ya Delhi na Lucknow. Sarufi yake na ya Kihindi ni karibu moja, na wasemaji wake huelewana sokoni bila mkalimani. Zatengana katika msamiati wa kitaalamu na katika maandishi: Kiurdu huandikwa kwa hati za Kiarabu na Kiajemi, Kihindi kwa Devanagari. Mwanafunzi wetu akisikia kitab, qalam, waqt na duniya, atatambua mara moja kitabu, kalamu, wakati na dunia.

Pakistani ilipozaliwa mwaka 1947, viongozi walitaka Kiurdu kiwe lugha ya taifa, ingawa Wabengali wa mashariki walizidi nusu ya raia wote. Mwezi Machi 1948, mjini Dhaka, Muhammad Ali Jinnah alitamka kwamba lugha ya dola itakuwa Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi waandamanaji, wakiwemo wanafunzi, waliodai haki ya Kibengali. Katiba ya 1956 ilizikubali lugha zote mbili, lakini kidonda hakikupona. Pamoja na manung'uniko ya uchumi na utawala, kilichangia kuzaliwa kwa Bangladesh mwaka 1971.

Kosa halikuwa la Kiurdu. Hata leo, nchini Pakistani, wenye kukisema kama lugha ya mama hawafiki 1 katika kila 10. Lakini Mpunjabi, Msindhi na Mpashtuni hukutana kwa lugha hiyo. Kosa lilikuwa kuinua lugha moja kwa kuidunisha nyingine.

Basi mwalimu amwadhibuye mtoto kwa kusema lugha ya mama yake hakijengi Kiswahili. Hana budi kubadili njia: ayaandike ubaoni maneno ya mtoto kando ya yale ya Kiswahili, na darasa zima lilinganishe sauti na maana. Hapo mtoto atajifunza lugha ya taifa pasipo kuionea haya lugha ya kwao.