Uma Mkavu
Juma hili, kwa fundi mmoja wa baiskeli pale Ngamiani, Tanga, niliona baiskeli ya milimani ya mtumba ikivuliwa uma wake wa shokapu, ambao springi zake zilikwisha kuliwa na kutu ya hewa ya chumvi hata zisibonyee, ili ivishwe uma mkavu, yaani usio na springi, wa chuma. Na fundi, kabla ya kukaza lolote, alipima kwa utepe toka ekseli hadi shingoni, kwani uma ukiwa mfupi kuliko ipasavyo, baiskeli huinama mbele na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Shokapu, ambazo kampuni ya RockShox, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1989, ilizieneza kwa ajili ya miteremko ya mawe, huko zina fadhila isiyokanika; lakini kwa mtu apitaye lami na vumbi kwenda kazini, shokapu hafifu humwongezea uzito, hunywa nguvu za miguu kila akipanda kilima, na hudai matengenezo ambayo aghalabu haiyapati. Pambo lisilo kazi ni mzigo wenye rangi. Kwa maoni yangu, fundi yule ana maarifa kuliko muuzaji aliyeinadi baiskeli ile kwa shokapu yake. Basi, msomaji, kabla hujalipa, ukandamize usukani, na uma usipobonyea na kurudi, dai uma mkavu.