Soko la Samani Bariadi Lakosa Mbao Kavu, Si Wateja

BARIADI – Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa Mei, fedha huingia mikononi mwa wakulima wa Simiyu, na karakana za samani huanza kupata oda za vitanda, makabati na viti. Hapo ndipo fundi hubanwa, kwa sababu stoo yake ni tupu. Hupokea malipo ya awali ya mteja, hukimbilia mbao zilizoshuka kwenye lori juzi, huzipiga randa zikiwa mbichi na kukabidhi kazi baada ya wiki mbili. Kiangazi kikikolea mlango wa kabati hupinda na meza hupasuka katikati. Mteja hagombani na jua. Hugombana na fundi, kisha mwaka unaofuata hununua samani za ng'ambo, za unga wa mbao uliobanwa kwa gundi.

Kumlaumu mteja huyo kwamba hathamini mali ya nyumbani ni kumwonea.

Mbao zenyewe ni za mbali. Simiyu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya Shinyanga hadi 2012, ni nchi iliyofyekwa miti kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulihimiza kurudisha ngitili, na miti imerudi, lakini mingi ni migunga, inayofaa zaidi kwa kuni na nguzo kuliko kupasuliwa mbao. Mninga na mkola hutoka kwenye miombo ya upande wa Tabora na Katavi, na mzigo usio na hati za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ni hasara mtupu. Hata hivyo mninga una sifa inayopaswa kumvutia mwenye mtaji: hukauka polepole, lakini ukishakauka hauchezi.

Thamani ya kungoja mbao ilionekana wazi katika kazi ya George Nakashima, fundi wa Marekani aliyezaliwa 1905 na kufariki 1990. Alisomea usanifu majengo, lakini mwaka 1942 aliwekwa kizuizini katika kambi ya Minidoka, pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani, na humo alijifunza useremala kwa fundi wa Kijapani. Mwaka 1943 alihamia New Hope, Pennsylvania, akaanza na vipande vilivyobaki kwa wengine, kwa kuwa mbao za daraja la kwanza hakuzimudu. Alipopata uwezo alinunua magogo mazima ya miti ya huko, akasimamia upasuaji na kuziacha mbao zikauke kwa miaka. Ufa haukumfanya atupe ubao. Aliushona kwa kipande chenye umbo la kipepeo. Mwaka 1973 Nelson Rockefeller alimwagiza samani zaidi ya 200 kwa nyumba moja. Oda ya namna hiyo haipokelewi na fundi anayesubiri lori.

Bariadi haina Rockefeller, lakini ina shule, nyumba za wageni, ofisi za mkoa na wakulima wanaolipwa kwa mkupuo. Wenye mitaji midogo wamezoea kufungua duka jingine la makochi jirani na lililopo. Ingefaa watano wachange fedha, wanunue shehena moja yenye hati kamili mara baada ya msimu wa pamba, waipange chini ya bati kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kisha wawauzie mafundi mwakani kwa bei ya mbao kavu.

Hatari zipo: moto, mchwa, na mtaji kulala mwaka mzima wakati duka la jirani linazungusha fedha kila wiki. Mwenye fedha ya mkopo wa muda mfupi asiguse biashara hii. Mwenye akiba yake mwenyewe apige hesabu kabla ya Mei, maana ghala likijengwa baada ya oda kuanza, fundi atakuwa amekwisha kurudi kwenye lori.