Vyombo vya hoteli ya marehemu na adabu za mnada



Ndugu msomaji, wiki hii tunaomba tuiweke kando mada ya malezi, tuzungumzie masufuria. Kamati ya msikiti wetu hapa Karatu iliombwa na msimamizi wa mirathi isaidie kuuza vyombo vya hoteli ya chakula aliyoiacha ndugu yetu mmoja. Hoteli ilikuwa kando ya barabara iendayo lango la Lodoare, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa magari ya watalii. Marehemu aliacha mjane, watoto wanne wasiofikia baleghe, deni la duka la nyama na kodi ya pango ya miezi mitano. Tulipatia baadhi ya mambo, na tukakosea moja kubwa ambalo hatutalificha.

Jambo la mwanzo ni kuhesabu, na hapa ndipo familia nyingi hugombana. Si kila kilichomo hotelini ni cha mwenye hoteli. Lile jokofu lenye rangi za soda lilikuwa mali ya kampuni ya soda, viti ishirini vilikuwa vya kukodi, na tulipofika kwenye jiko la gesi mjane alituambia kwa upole, "Ustadhi, hilo nililinunua kwa fedha zangu za upatu." Wenzake wawili wa upatu walithibitisha, nasi tukalitoa kwenye orodha. Mali ya mke haiingii katika mirathi ya mume, hata kama ilipika chakula cha mume kwa miaka kumi. Kinachobaki ndicho hulipa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kwa mafungu ya Suratun-Nisaa. Na kwa kuwa marehemu aliacha watoto, fungu la mjane ni thumni.

Mwenye nyumba alitaka chumba chake mwezi Aprili. Tulimwendea, tukamlipa sehemu ya kodi, tukaomba muda hadi Juni, naye akakubali, Allah amlipe kheri. Tuliomba hivyo kwa sababu wakati wa masika kambi nyingi za Ngorongoro hufunga au hupunguza kazi, na anayeuza friza Aprili huuza kwa majirani wanaotafuta wa kumuuzia zao. Mji huu haujasahau mwaka 2020, wageni walioingia nchini waliposhuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takriban laki sita na ishirini elfu. Meza, majokofu na majiko yalikuwa mengi kuliko wanunuzi. Juni msimu wa safari huanza, na wenye migahawa hutafuta vyombo.

Wapo waliotushauri tupeleke vitu kwenye mnada wa tarehe 7. Ni mnada mzuri kwa ng'ombe na mitumba, lakini friza isiyo na umeme ni sanduku tu. Tuliuza palepale hotelini, Jumamosi asubuhi, na friza tuliiwasha tangu Ijumaa ili mnunuzi aikute na barafu. Masufuria yalisuguliwa, kila moja na mfuniko wake, vikombe vikapangwa dazeni dazeni. Kwa kila kitu kikubwa tuliuliza bei kwa fundi wa majokofu na wenye hoteli wawili, msimamizi akaandika bei ya chini asiyoweza kuishuka. Tangazo tulilitoa nje ya msikiti baada ya Ijumaa, maana ndani ya msikiti hapauzwi wala hapanunuliwi. Dalali tuliyemwita ana leseni.

Kunadi kwenyewe si jambo geni katika dini yetu. Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) habari ya Ansari aliyekuja kuomba, akaambiwa alete vitu vya nyumbani mwake: nguo nzito na kikombe cha maji. Mtume (s.a.w.) akavinadi, mmoja akataja dirhamu moja, mwingine akaongeza ya pili. Moja ikawa chakula cha familia, ya pili shoka la kukatia kuni. Isnadi yake wapo walioizungumza, lakini wanazuoni wengi wanajuzisha mnada.

Friza ilikuwa imebadilishwa kompresa. Tulilitamka hilo kwa kipaza sauti, na dalali akanong'ona kwamba tunajiharibia. Tulikumbuka ile rundo la chakula sokoni Madina, Mtume (s.a.w.) alipotia mkono akakuta limelowa ndani.

Basi kosa letu. Bei ya friza ilipofika laki nne, mjumbe mmoja wa kamati, kwa huruma ya mayatima, akaanza kuongeza bei hali hana nia ya kununua. Mama lishe mmoja kutoka Mang'ola, anayewapikia wavunaji wa vitunguu, akashindana naye hadi akaichukua kwa 560,000. Usiku mjumbe alitusimulia kwa furaha. Hiyo ndugu zangu ni najshi, na katazo lake limo katika Bukhari na Muslim. Kama ungetaka kuwasaidia mayatima, ungeweza kuinunua kwelikweli, au kutoa sadaka mchana kweupe.

Tulijadili hadi saa sita. Katika madhehebu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo yanasihi na mnunuzi hana hiari ya kurudisha. Mahanbali humpa hiari akipunjika kupita kiasi. Hatukutaka kujificha nyuma ya kauli iliyotufaa. Lakini pia fedha ya mayatima si yetu hata tuirudishe kwa ukarimu. Tulikwenda Mang'ola, tukamweleza mama yule kila kitu, tukampa hiari. Alinyamaza kidogo, akasema friza anaitaka. Zile 160,000 zilizozidi zilitoka mifukoni mwetu na kwa mjumbe mwenyewe, si katika mirathi.

Wasomaji wanaonunua vyombo vya loji zilizopikia nguruwe au kumimina pombe wametuuliza pia. Hadithi ya Abu Tha'alaba ni wazi: ukipata vingine viache, usipopata vioshe uvitumie. Na ukifuata mzigo ndani ya hifadhi, kumbuka lango hufungwa saa 12 jioni.

Madeni yote yamelipwa. Zimebaki sinia nane na birika mbili kubwa. Anayezihitaji amwone msimamizi baada ya swala ya Alasiri, nje ya msikiti.