TFC ya kunakili: diploma inapatikana, elimu inapotea

Kila mwaka, wakati wa kuweka kazi ya mwisho wa masomo, ile ambayo wengi wanaendelea kuiita TFC, vibanda vya kuchapisha na kutoa fotokopi karibu na vyuo vikuu vya Bukavu, Goma, Butembo na Bunia vinajaa wanafunzi. Wengi wanaleta kazi waliyoitolea jasho. Lakini wengine wanatafuta kazi ya mwaka uliopita: wanabadili jina kwenye jalada, wanaondoa Kisangani na kuandika Uvira, kisha wanalipa. Na ndani, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeusoma tena, Kisangani inabaki palepale.

Huo ni wizi. Nchini Congo, sheria ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 inalinda haki za waandishi. Kutumia maneno ya mwingine si kosa, kwani elimu yote inajengwa juu ya kazi za waliotangulia. Kosa ni kuficha mwenyewe.

Kanuni si ngumu. Anayechukua sentensi ya mtu anaiweka ndani ya alama za kunukuu, anataja mwandishi, mwaka, kitabu na ukurasa. Anayeeleza wazo la mtu kwa maneno yake mwenyewe, naye anamtaja mwenye wazo. Ni vilevile kwa ripoti ya shirika au habari iliyotoka kwenye intaneti. Mzee wa Idjwi aliyeeleza historia ya mashamba, au mama muuza samaki wa Uvira aliyeeleza bei, naye ni chanzo: anatajwa, pamoja na mahali na tarehe ya mazungumzo. Ikiwa kumtaja kunaweza kumtia hatarini, jina linafichwa, na msomaji anaambiwa hivyo.

Siku hizi kuna pia programu za akili bandia. Zinaandika kurasa kumi kwa dakika chache, na mara nyingine zinataja vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Mwanafunzi anayeingiza kitabu cha namna hiyo kwenye bibliografia yake ametia sahihi kwenye uongo.

Aibu yake inaweza kumfuata mtu mbali. Mwaka 2011, Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alipoteza shahada yake ya udaktari, kisha akajiuzulu, kwa sababu ya kunakili kurasa za wengine bila kuwataja.

Hata hivyo, hasara kubwa si ya yule anayekamatwa. Kwa vijiji na mitaa mingi ya mashariki mwa Congo, kazi ya mwanafunzi inaweza kuwa utafiti pekee ulioandikwa kuhusu chemchemi fulani, soko fulani au mmomonyoko fulani wa udongo. Hesabu za Kisangani zikiitwa za Uvira, atakayezitumia kesho kupanga maji au dawa atakosea, na watakaoumia ni raia.

Wanafunzi hawako peke yao katika kosa hili. Kuna walimu wanaosimamia kazi nyingi kiasi kwamba hawazisomi. Kuna wanaogawa silabasi walizonakili, bila jina la mwandishi hata mmoja. Maktaba nyingi ni maskini, intaneti ni ghali, na wengi wanafundishwa namna ya kutaja vyanzo katika mwaka wa mwisho tu. Shida hizo ni za kweli, lakini haziwezi kuhalalisha wizi.

Dawa iko mikononi mwa wakuu wa vyuo. Somo la kutaja vyanzo lianze mwaka wa kwanza, na walimu wawe wa kwanza kulifuata. Kila msimamizi apewe idadi ya wanafunzi anayoiweza. Kazi zilizowekwa zihifadhiwe kwenye kompyuta ili zilinganishwe na mpya. Na siku ya kutetea kazi, jopo limuulize mwanafunzi: kitabu hiki ulikisoma wapi, na kinasema nini? Kurasa ishirini za mwanafunzi mwenyewe zipewe alama kuliko themanini za kukopa.

Kuna wazazi wanaouza mbuzi na sehemu ya shamba ili mtoto asome. Wanastahili kuletewa nyumbani diploma ambayo mtoto wao anaweza kuieleza.