Picha za Wachezaji: Tukusanye Zipi?

Kijana mmoja jirani yangu hapa Malindi aliniletea kasha la viatu lililojaa picha za wachezaji wa mpira, zile kadi ndogo za kampuni ya Panini ya Modena, Italia. Marehemu babake alikuwa mpishi wa Wataliani, nao walipofunga virago kurejea kwao walimwachia. Si ajabu. Wataliani tumekaa nao tangu mradi wa San Marco pale Ngomeni, uliorusha setilaiti kutoka jukwaa lake la baharini mwaka 1967, na watoto wao walikuja na michezo yao.

"Mjomba," akaniuliza, "nikusanye zipi? Zote siziwezi."

Kweli haziwezekani. Panini walianza albamu za ligi ya Italia mwaka 1961, na za Kombe la Dunia tangu lile la Mexico 1970. Kila albamu ina mamia ya picha. Asiyechagua atakuwa mwenye ghala tu. Sisi watunga mashairi twalijua hilo: ukishashika vina umejinyima maneno mengi, na hapo ndipo shairi linapoanza.

Wapo wanaochagua kwa bei. Bei hizo ni za soko la Ulaya, na picha iliyovunjika pembe na kuingia ukungu kwa hewa yetu ya chumvi haizifikii. Wengine hununua pakiti iliyofungwa wasijue ndani mna nani. Tuliosoma chuoni tulionywa juu ya biashara ya gharar. Na watoto wakishindania picha, ashindaye azoe zote, hiyo ni nini kama si kamari? Heri kubadilishana, moja kwa moja, kwa ridhaa.

Nilimwambia ashike wale Wataliani waliotwaa kombe mwaka 1982. Ana Dino Zoff, aliyekuwa nahodha akiwa na miaka 40; amtafute Paolo Rossi, aliyewafunga Brazil mabao matatu tarehe 5 Julai. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo wakati huo, na habari za siku ile nazikumbuka. Babake alikuwa akizisimulia jikoni. Picha hizo zina mtu wa kuzisemea nyumbani mwao. Za Wajerumani au Waingereza hazina. Azitoe kwa kubadilisha.

Lakini chini ya kasha ilikuwako picha nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ni ya studio, kubwa kama postikadi: vijana kumi na mmoja wa kwetu, sita wamesimama, watano wamechuchumaa, mpira katikati. Nyuma hapana neno.

Wachezaji wetu hawakutolewa kadi. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na Ali Kajo alivaa jezi ya taifa. Sijapata kuona kadi ya mmoja wao. Tulicho nacho ni picha za studio kama hii, zinazoliwa na mchwa majumbani Shela, Takaungu na Kilifi. Mwenye moyo wa kukusanya, na achague timu za mwambao huu, hata kama ni za mtaa mmoja tu. Asiwanyang'anye wenyewe, apige nakala, aiache ya asili ukutani au sandukuni. Wasiopenda picha za watu ukutani nawaheshimu, bahasha yatosha.

Na majina yaandikwe nyuma, kwa penseli, maana wino hupenya karatasi: nani huyu, alicheza nafasi gani, na ni nani aliyetuambia. Chuoni tulifundishwa kuuliza hadithi imepokewa kwa nani. Picha nayo ina haki ya kuulizwa hivyo. Wajuzi wenyewe ni wazee wa miaka sabini na themanini, na kila mwezi twamsalia mmoja.

Tulikaa barazani baada ya Alasiri siku tatu, picha ikipita mkono kwa mkono. Tumepata majina saba. Wawili wazee wamegombana juu ya beki wa kushoto, na tumeandika kauli zote mbili. Mlinda lango hakuna amjuaye, ila mmoja anasema alikuwa mtu wa Takaungu. Alkhamisi, inshallah, tutakwenda huko na nakala.