Cornwall: Kamera zimeleta watalii, lakini nani anabaki kijijini wakati wa baridi?

Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, Jumapili nyingi saa mbili na robo usiku, kituo cha televisheni cha ZDF nchini Ujerumani kimekuwa kikionyesha filamu za mapenzi zilizopigwa Cornwall, rasi iliyoko kwenye ncha ya kusini magharibi mwa England. Waigizaji ni Wajerumani na wanazungumza Kijerumani, ila wahusika wana majina ya Kiingereza. Magari yanapita upande wa kushoto wa barabara, bahari inapiga chini ya majabali, na kabla ya saa nne usiku wapendanao wamekwishapatana.

Visa hivyo vinatokana na kazi za Rosamunde Pilcher, mwandishi aliyezaliwa Lelant, kijiji cha Cornwall, mwaka 1924 na kufariki dunia 2019. Filamu ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1993, na sasa zimepita 100. Wahakiki wa Ujerumani wamezicheka tangu mwanzo. Wenye biashara ya utalii hawakucheka. Mwaka 2002 Pilcher na Claus Beling, mhariri wa ZDF aliyekuwa nyuma ya mradi huo, walipewa tuzo ya utalii ya Uingereza, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wanafika Cornwall kwa mabasi wakitafuta jumba la Prideaux Place mjini Padstow na vijiji walivyoviona sebuleni kwao.

Tangu hapo rasi hii haijapumzika. ITV ilipiga tamthilia ya Doc Martin katika kijiji cha Port Isaac kuanzia 2004 hadi 2022. BBC ikaja na Poldark, 2015 hadi 2019. Mwaka 2021 watayarishaji wa House of the Dragon walifika kwenye mchanga wa Holywell na kisiwa cha St Michael's Mount. Sasa ni zamu ya Looe, mji mdogo wa wavuvi unaoonekana katika tamthilia ya Beyond Paradise. Kila mara habari hutangazwa kwa furaha ileile: wageni wataongezeka, hoteli zitajaa. Na wageni huja kweli. Linalozungumzwa kwa sauti ya chini ni kwamba baadhi yao hawakununua tiketi ya basi tu, walinunua na nyumba.

Mandhari ni ya Cornwall, studio ni ya Bristol

Kwanza tuangalie pesa za utengenezaji wenyewe. Mtazamaji wa Poldark alidhani yuko Cornwall muda wote. Ukweli ni kwamba matukio mengi ya ndani ya nyumba yalipigwa katika studio za Bottle Yard mjini Bristol, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Huko ndiko kwenye maseremala wanaojenga seti, maghala ya mavazi na mafundi wa taa wenye ajira ya miezi. Cornwall ilitoa majabali, bandari ya Charlestown na magofu ya mitambo ya migodi huko Botallack. Kikosi cha kamera hufika, hulala hotelini wiki kadhaa, hulipa ada ya eneo, huondoka. Si pesa za kudharau, lakini ni za msimu, kama utalii wenyewe.

Kuna kejeli fulani hapa. Poldark ni kisa cha mwenye mgodi anayehangaika kuokoa machimbo na wachimbaji wenye njaa. Magofu ambayo watalii wanayapiga picha leo yalikuwa mahali pa kazi. Bei ya bati iliporomoka duniani mwaka 1985, na South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati, ukafungwa mwaka 1998. Miaka 8 baadaye UNESCO iliyaweka maeneo ya migodi ya Cornwall katika orodha ya urithi wa dunia. Watazamaji wengi, kwa kweli, wanakumbuka zaidi kifua cha Aidan Turner akifyeka nyasi kuliko masuala ya bei ya madini.

Hali ya uchumi nyuma ya mandhari haikuwa nzuri. Kuanzia mwaka 2000 Cornwall iliingizwa katika kundi la maeneo ya Umoja wa Ulaya yenye pato la chini ya asilimia 75 ya wastani wa umoja huo, ikapata misaada mikubwa ya kujenga barabara, intaneti na chuo kikuu. Hata hivyo mwaka 2016 asilimia 56.5 ya wapiga kura wake walichagua kujitoa katika umoja huo. Yapo maelezo mengi ya kura ile, na mojawapo ni hisia kwamba maendeleo yanayotangazwa hayamfikii mtu anayefanya kazi ya msimu kwa ujira mdogo.

Taa zinapozimwa Oktoba

Cornwall ina wakazi wapatao 570,000. Nyumba za pili, yaani zile ambazo wenyewe wanaishi kwingine na kuja kwa mapumziko tu, ni takriban 13,000, mbali na maelfu mengine yanayopangishwa watalii kwa siku au wiki. Kwa upande wa pili, kaya zaidi ya 20,000 zimejiandikisha kusubiri nyumba za bei nafuu. Ukigawanya nyumba hizo kwa rasi nzima, hazionekani nyingi. Tatizo ni kwamba hazikugawanyika sawa. Zimejikusanya pale kamera zilipopenda, kwenye vichochoro vinavyoteremka hadi bandarini, katika nyumba ndogo za mawe zilizokuwa za wavuvi.

Kijiji cha namna hiyo hakifi siku moja. Familia changa inahamia mji wa ndani kwa kuwa kodi ya pango imepanda, shule inapoteza watoto watatu, kisha basi la jioni linaondolewa kwa kukosa abiria wa majira ya baridi. Ipo hata hesabu ya usalama: boti za uokoaji baharini nchini Uingereza huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, wanaotakiwa kufika kituoni dakika chache baada ya kuitwa. Port Isaac ina kituo kama hicho. Mtu wa kujitolea anayeishi umbali wa nusu saa hana msaada kwa anayezama.

Je, tuzilaumu filamu? Mimi nadhani hilo ni kosa, au angalau ni nusu ya jibu. Reli ilifika St Ives mwaka 1877, na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya reli ya Great Western ilikuwa tayari inawauzia watu wa London jua la Cornwall kwa mabango. Wachoraji walifika kabla ya wapiga picha. Filamu ilichofanya ni kupanua soko. Tamthilia ikiuzwa nchi nyingi na kurudiwa miaka 20, kijiji chenye kichochoro kimoja kinakuwa na wateja dunia nzima, wakati idadi ya nyumba zake ni ileile. Kipi kitatokea baada ya hapo kinategemea sheria ya nyumba na kodi, na hapo ndipo wanasiasa walipolala.

Mfano mzuri ni mwanya uliodumu miaka mingi. Mwenye nyumba ya pili huko England aliweza kuiandikisha kuwa biashara ya kupangisha watalii. Kwa kufanya hivyo aliondoka kwenye kodi ya halmashauri, ambayo hulipwa na kila kaya, akaingia kwenye kodi ya biashara. Na kwa kuwa biashara ndogo husamehewa kodi hiyo, wengi hawakulipa chochote. Ilitosha kutangaza kwamba nyumba inapatikana kupangishwa siku 140 kwa mwaka, hata kama mpangaji hakuonekana. Ni kuanzia Aprili 2023 tu ndipo sharti lilipoongezwa kwamba lazima iwe imepangishwa kweli kwa siku zisizopungua 70. Maana yake ni kwamba muuza samaki anayeishi kijijini mwaka mzima alichangia uzoaji taka wa nyumba ya jirani asiyemjua.

St Ives ilijaribu njia yake. Katika kura ya maoni ya mwaka 2016, zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura waliunga mkono kwamba nyumba mpya zinazojengwa mjini humo ziuzwe kwa watu watakaoishi humo kama makazi yao makuu. Ilisifiwa kama ushindi wa wenyeji. Kisha watafiti wa chuo cha LSE cha London walichunguza matokeo na kukuta jambo ambalo dalali yeyote wa nyumba angeweza kulikisia: wanunuzi wa nje, wakizuiwa kwenye nyumba mpya, waligeukia za zamani, zilezile za katikati ya mji, na wajenzi wakapunguza kujenga. Mlango mmoja ulifungwa, dirisha likaachwa wazi.

Hatua nzito zaidi ilianza Aprili 2025, wakati halmashauri za England zilipopewa ruhusa ya kutoza nyumba za pili hadi mara mbili ya kodi ya kawaida. Cornwall iliitumia. Mwezi huohuo serikali ya London ilifuta nafuu maalumu za kodi walizokuwa nazo wanaopangisha nyumba za likizo. Ukilinganisha na majirani, bado ni upole: Wales imeruhusu halmashauri zake tangu 2023 kuongeza hadi asilimia 300, na katika sheria ya mipango miji imezitenga nyumba za pili kuwa kundi lake.

Filamu iliyojibu

Jibu kali kuliko yote halikutoka kwenye baraza lolote. Mwaka 2019 mtengenezaji filamu wa Cornwall, Mark Jenkin, alitoa Bait, iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, ambao aliusafisha kwa mikono yake. Mhusika mkuu, Martin, ni mvuvi asiye na mashua, kwa sababu kaka yake ameigeuza ya baba yao kuwa ya kutembeza watalii. Nyumba waliyokulia imeuzwa kwa familia ya London, ambayo imeipamba kwa kamba na vifaa vya baharini, kama kwamba bahari ni urembo. Ugomvi unaanza kwa mahali pa kuegesha gari. Si jambo kubwa, lakini kila aliyewahi kuishi pwani yenye wageni wengi anaujua ugomvi huo.

Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Charlestown, bandari ileile ya Poldark. Nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin, mji mkuu wa nchi iliyoizoea Cornwall ya Pilcher. Mwaka uliofuata Jenkin akapata tuzo ya BAFTA. Haikuleta mabasi ya watalii.

Suala hili halipo mbali na msomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliongoza mwenyewe kamera za The Royal Tour nchini Tanzania, Zanzibar ikiwemo, na filamu ikazinduliwa Marekani Aprili 2022 kwa lengo lililo wazi la kuvuta watalii na wawekezaji. Tofauti moja ni kubwa: Zanzibar ardhi ni ya umma, na mgeni haimiliki kama anavyoweza kumiliki mtaa wa Port Isaac. Lakini nyumba za kisasa zinauzwa kwa wageni katika miradi kama ya Fumba, na mnunuzi anaweza kupewa kibali cha kuishi. Swali la nani atamudu kupanga karibu na fukwe zinazopigwa picha linaweza kuulizwa mapema, kabla ya bei kulijibu.

Cornwall inalijibu kwa kuchelewa. Baadhi ya wenye nyumba za pili wameziweka sokoni tangu kodi iongezwe, ila nyumba ya mvuvi inayouzwa na mtu wa London kwa bei ya London bado haimfikii mhudumu wa hoteli. Serikali imeahidi daftari la kitaifa la kusajili nyumba zinazopangishwa kwa muda mfupi, kwa sababu hadi sasa halmashauri nyingi hazina hesabu kamili ya nyumba hizo katika mitaa yao. Na huko Looe, wageni wameanza kuuliza kituo cha polisi cha kwenye tamthilia kiko wapi.